Tambuu Iliyompita Sutan

Masril alishuka kwenye basi la Lampung akiwa na begi moja, koti la kuazima, na uso wa mtu aliyekuja kuomba radhi lakini hajui abishe hodi mlango gani. Pale stendi ya Batusangkar hapakuwa na mtu wa kumpokea. Alitegemea nini? Amemwacha binti ana miaka sita, amerudi binti ana ishirini na sita, alitaka apigiwe ngoma?

Tusimpambe. Masril alikuwa mwongo. Si mwongo wa kuangamiza watu, hapana; mwongo wa kila siku, yule anayekwambia yuko njiani na bado hajavaa shati. Alimwambia mkewe Rosnida kwamba anakwenda Lampung mwaka mmoja tu, kufanya kazi katika mikahawa ya watu wa kwao kama wanavyofanya wanaume wote wa kabila lao la Minang, kisha atarudi. Idd ya kwanza akaja. Ya pili akaja. Ya tatu akaleta salamu. Ya nne hata salamu hazikuja, maana alikuwa ameshapata mwanamke mwingine kule, ambaye naye baadaye alimchoka akamtolea begi nje. Rosnida akaugua, hakuja. Rosnida akafa. Alipigiwa simu asubuhi, akaenda mpaka stendi, akakaa kwenye benchi akiyatazama mabasi yanaondoka moja baada ya jingine, halafu akarudi mkahawani kubeba sahani. Wakwe akawaambia mabasi yalijaa.

Na kubeba sahani, haki yake tumpe, alijua. Mkahawani kwao mteja haagizi. Anakaa tu, na mhudumu anakuja na mkono wa kushoto uliopangwa sahani kuanzia kiganjani mpaka begani, mchuzi wa kuku, maini, samaki, nyama ya rendang, anazipanga zote mezani, mteja ale anachotaka na kilichobaki kirudi jikoni. Masril hakuwahi kudondosha hata tone. Sifa aliyokuwa nayo ndiyo hiyo, mkono wa kushoto. Mengine yote aliyoyashika maishani yalimponyoka.

Sasa alikuwa ameitwa. Delfi mwenyewe alimpigia simu, sauti ngumu kama ya karani wa mahakama.

"Wewe ndiye Masril wa Rosnida?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Delfi. Naolewa mwezi ujao. Nahitaji walii wa kuniozesha."

"Mwanangu. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Utakuja au hutakuja? Sema kweli, kama unaijua."

Ilikuwa hivi. Kwao Minang nyumba ni ya wanawake. Mashamba ya mpunga ni ya wanawake, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yao ni mjomba. Baba ni mgeni anayelala ndani. Anapewa jina la heshima siku anayooa, anaitwa Sutan, anakaribishwa chakula, lakini hata kuku wa kuchinja haulizwi. Jambo moja tu ndilo lake, ambalo mjomba hata akiwa na ardhi mpaka mlimani hawezi kumnyang'anya: siku ya nikah ya binti yake, ni mkono wake ndio unaoshika mkono wa bwana harusi. Mjomba Yurnalis, kaka yake Rosnida, alisema waende kwa kadhi, waseme baba hajulikani alipo, biashara iishe. Delfi akakataa katakata. Alikuwa mwalimu wa watoto madrasani, mtu wa kunyoosha mambo. Akasema baba yangu yuko hai, najua alipo, sitaanza ndoa yangu kwa uongo. Nataka nikah iliyosihi.

Basi ndiyo akaja. Alipofika nyumbani Mjomba Yurnalis alikuwa barazani ananoa panga.

"Ala! Sutan wa sahani! Mimi nilidhani ushazikwa huko."

"Bado, shemeji."

"Bado. Haya, vua viatu, mkeka umebadilishwa."

Delfi alitoka ndani. Masril alimtazama akaona macho ya Rosnida yaleyale, ila haya hayakucheka. Akamnyooshea mkono aubusu, kama mtoto yeyote anavyombusu baba yake mkono. Delfi aliutazama ule mkono, akachukua begi badala yake.

"Utalala hapa ukumbini. Chakula kiko chini ya kawa."

"Ahsante mwanangu. Umekuwa mkubwa. Wallahi, kila siku nilikuwa nakuwaza."

"Kila siku?" Akageuka. "Nimezaliwa lini?"

Masril, kwa kubanwa ghafla, akasema kilichokuwa moyoni. "Mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, mabati yakipiga kelele..."

"Wa nane," Delfi akasema, na akacheka kicheko kibaya. "Mwezi wa nane. Hata hilo hulijui, halafu unaniapia."

Masril akafunua kawa. Alijihisi kama mtu aliyekanyaga msumari kwenye nyumba yake mwenyewe. Maana ulikuwa mwezi wa tatu. Ulikuwa mwezi wa tatu kabisa, na duniani palikuwa pamebaki mtu mmoja tu anayelijua hilo, naye ndiye aliyekuwa amekaa pale mkekani anachekwa.

Kabla hajaolewa, Rosnida alikuwa Dumai, mji wa bandari, akimsaidia baba yake kuuza wali wa asubuhi. Masril alikuwa mteja, ulimi wake mtamu, na yaliyotokea yakatokea. Yule mzee alipogundua aliwaozesha chumbani kwake mbele ya mashahidi wawili, mwezi wa kumi na moja, na mtoto akazaliwa mwezi wa tatu. Hesabu unaiona. Rosnida alilia wiki nzima. Akamshika Masril kola, akamwambia, "Asijue mtu. Si kaka yangu, si mtoto, si mtu. Niapie." Masril akaapa. Na kwa kuwa uongo ndio ulikuwa fani yake, akaufanya vizuri: walikaa Dumai mpaka mtoto amekua kidogo, wakarudi kijijini, naye akaenda kumwandikisha kwa mwezi wa nane. Watu wakastaajabu mtoto ana mwili, meno kaota mapema, katembea mapema. Mjomba Yurnalis alitembea kifua mbele akisema damu ya ukoo wao hiyo. Mzee wa Dumai akafa na siri yake. Rosnida naye akafa na yake, mwalimu wa Kurani, mtu ambaye kijiji kizima kilimfuata makaburini. Katika ahadi zote alizowahi kutoa Masril, hiyo peke yake ndiyo hakuivunja.

Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Delfi alimhudumia kama anavyohudumiwa mkaguzi kutoka wilayani, kwa ukamilifu na bila neno. Wanawake wa nyumba walikuwa jikoni wakikuna nazi na kusaga pilipili za harusi, na kila alipopita mmoja wao alikohoa. Masril akaona bora afanye kazi. Akakaa kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi, na mkono wake wa miaka mingi mikahawani ukakimbia kuliko wa wote. Wanawake wakaanza kumtania.

"Tazameni, kumbe ana faida!"

"Mwacheni akune, nazi haina kinyongo."

Mchana mmoja walibaki wawili, yeye na Delfi, na lundo la vifuu katikati. Delfi akauliza bila kuinua uso. "Mama alipokufa. Kwa nini hukuja?"

"Mabasi..." Masril alianza. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limepikwa na kuiva. Likamkwama. Akaweka nazi chini. "Mabasi hayakujaa. Nilikwenda mpaka stendi. Nikakaa kwenye benchi. Niliogopa kukuona. Niliogopa utanitazama kama unavyonitazama sasa. Nikarudi kazini, nikabeba sahani siku nzima. Ndiyo hivyo."

Delfi aliokota kifuu akakitupa kwenye lundo. Mikono yake ilikuwa na manjano mpaka viwikoni.

"Mama alikuwa anakutetea," akasema mwishowe. "Aliniambia, baba yako si mtu mbaya, ni mwoga tu. Nilikuwa namkasirikia akisema hivyo."

Kesho yake asubuhi alimletea kahawa. Alipoiweka chini aliuchukua mkono wa Masril, ule wa kulia, akauinamia akaubusu, haraka, kama mtu anayemaliza kazi. Masril alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye bwawa la samaki, akalia kama mtoto.

Na tangu hapo ikawa Baba. Baba, koti lako nimelipiga pasi. Baba, hebu jaribu kofia hii. Baba, yasome tena maneno ya nikah nikusikie, usije ukaniaibisha mbele ya watu. Naye alikuwa akizunguka uani anayasoma, nakuoza binti yangu, nakuoza binti yangu, mpaka wanawake wa nyumba wakayajua kwa moyo na kumcheka. Afdal, bwana harusi, muuza mbegu za mpunga, kijana mpole mwenye mama mkali, alikuja kumsalimia akamwita Baba pia. Ungemwona Masril siku hizo ungesema amepungua umri.

Kisha kadhi akamwita.

Alikuwa mzee mkavu asiyepoteza maneno. Alimkaribisha ofisini, akamwuliza jina kamili, akamwuliza jina la marehemu mkewe.

"Ulimwoa lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Binti akazaliwa lini?"

"Mwezi wa nane, mwaka uliofuata." Ulimi ulijibu wenyewe, ulikuwa umelizoea jibu hilo kuliko jina lake.

"Alhamdulillahi. Basi tumemaliza, Sutan."

Masril alinyanyuka, akafika mlangoni, akarudi. "Samahani Kadhi. Haya ya miezi ni ya nini?"

"Ni ya nasaba. Mtoto akizaliwa nikah haijatimiza miezi sita, huyo kisheria ni wa mama yake tu. Baba anaweza kumlea, kumlisha, kumpenda. Kumwoza hawezi. Anaozwa na kadhi."

"Na baba akimwoza?"

"Hakuna nikah hapo. Kuna nyama na ngoma, lakini nikah hakuna. Wale wawili wataishi haramu, na watakaowazaa watawazaa humo."

"Hata kama hajui mtu?"

"Anajua yule baba."

Masril alikaa tena. "Na akija kwako akasema?"

"Nitamwoza mimi. Lakini itanibidi nisome sababu mbele ya wazee wa pande zote mbili. Juu ya nikah sifichi na sidanganyi."

"Hakuna sababu nyingine ya kadhi kuoza?"

"Zipo. Baba asiyejulikana alipo. Au baba aliyepo, akakataa bila sababu ya sheria. Akiulizwa mara tatu mbele ya mashahidi na akakataa, haki inamtoka, napeleka mahakamani, naoza mimi." Kadhi alivua miwani. "Sutan. Unamuulizia nani?"

"Rafiki yangu. Wa kule mkahawani."

Kadhi alimtazama kwa muda. "Msalimie," akasema.

Alitembea kurudi kwa njia ndefu ya mashambani, na kwa mara ya kwanza uongo wake mwenyewe ulimgeukia ukamtazama usoni. Alijaribu kila mlango. Anyamaze? Nani atajua? Ni yeye tu, na keshaishi na mengi. Lakini binti amemtafuta kwa ajili ya nikah iliyosihi, hakumtafuta kwa jingine, na yeye ndiye atakayemharibia kwa mkono huohuo ambao binti aliubusu. Amwambie Delfi? Delfi yule asiyejua kupindisha neno atakwenda mwenyewe kwa Afdal kusema yote, na mama yake Afdal atalipeleka sokoni kabla jua halijazama, na Rosnida atafukuliwa kaburini kwa midomo ya watu. Kumwambia Delfi ni kumuua mama yake mara ya pili. Akaketi kwenye tuta la shamba akajitukana kwa sauti. Shenzi wewe. Fisadi wewe. Umeshindwa kuwa baba kwa yote, na hili moja ulilobakiziwa na Mungu ulishaliharibu kabla hata mtoto hajazaliwa.

Alipofika nyumbani Delfi alikuwa anamsubiri ngazini.

"Baba, njoo uone."

Alimpeleka mpaka chumba cha Rosnida. Mlango ulikuwa wazi, godoro limeanikwa, pazia jipya.

"Mjomba ameshakubali. Harusi ikiisha, ukitaka, usirudi Lampung. Kaa hapa." Akawa anakunja pembe ya pazia. "Nitakuwa nakuja kukupikia. Mradi usinidanganye tena, basi. Mimi siombi kingine."

Masril alisema nitafikiria mwanangu. Alisema chumba kizuri. Alitaka ardhi ipasuke immeze.

Mkutano wa wazee ulifanyika wiki moja kabla ya harusi, baada ya swala ya alasiri. Upande wa Afdal walikuja na sinia la shaba limefunikwa kitambaa cha dhahabu, ndani tambuu, popoo, chokaa, tumbaku, kama inavyotakiwa. Mjomba wa Afdal akatoa maneno mazuri marefu, akalisogeza sinia kwa Mjomba Yurnalis. Mjomba Yurnalis akachukua. Likaenda kwa wazee wa ukoo. Kadhi akachukua. Ndipo likafika kwa Masril, kwa utaratibu wake, maana desturi ndiyo hiyo na hakuna mtu katika nchi ile asiyeijua: mwenye nyumba ni mjomba, baba ni mgeni.

Masril alilisukuma sinia. Chokaa ikamwagika mkekani.

"Mnaniletea mabaki?"

Watu walidhani hawakusikia vizuri.

"Mimi ndiye baba!" Sauti ilitoka kwa mikwaruzo. "Mimi ndiye nitakayeoza! Sinia linazunguka ukumbi mzima, mimi naletewa mwisho kama mfagizi! Mmenifanya mtoto?"

"Sutan," Mjomba Yurnalis akasema polepole, "hiyo ni desturi, haikuanza leo. Kaa kitako."

"Desturi kalalie! Ukoo usiojua kutoa tambuu siupi binti yangu."

Mjomba wa Afdal, muungwana yule, hakukasirika. Akalipanga sinia upya, akalifunika, akaja nalo kwa magoti mpaka mbele ya Masril na kulitoa kwa mikono miwili. "Sutan, tumekosa. Tusamehe. Chukua wewe kwanza."

Hapo Masril almanusura ashindwe. Hakuwa ametegemea wema. Mkono wake wa kushoto, ule usiodondosha kitu, ulianza kulifuata sinia wenyewe, akauficha chini ya koti. Akaangalia pembeni, akatafuta neno baya kuliko yote.

"Sitaki tambuu ya wauza mbegu," akasema. "Na mama yake huyo kijana mdomo wake nimeusikia tangu stendi. Simwozi. Tafuteni mwingine."

Minong'ono ikalipuka. Mtu akasema laana hii. Kadhi akainua mkono, na watu wakanyamaza.

"Sutan Masril. Unakataa kumwoza binti yako kwa mtu huyu?"

"Nakataa."

"Una sababu ya sheria? Kijana ana kasoro ya dini au tabia?"

"Nimetukanwa. Nakataa."

Kadhi alimtazama. Alimtazama kama siku ile ofisini, miwani mkononi, na Masril akaona kwamba mzee ameelewa. Ilipokuja mara ya tatu sauti ya kadhi ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Ndugu yangu. Unakataa?"

"Nakataa."

"Mmeshuhudia. Haki imemtoka. Kesho napeleka mahakamani, na siku ya harusi naoza mimi."

Delfi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa manjano. Wanawake walikuwa wamemshika, akawatoa mmojammoja. Akaja mpaka katikati ya ukumbi, mahali ambapo mwanamwali hatakiwi kusimama wakati wazee wamekaa, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

"Tambuu?" akasema. "Tambuu, Baba?"

Masril aliitazama chokaa pale mkekani.

"Nimekufulia nguo. Nimekubusu mkono. Nimekupa chumba cha mama yangu, chumba ambacho mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuingia. Nilimwambia Mjomba, ameniambia kweli kuhusu mabasi, huyu mtu anabadilika. Mjomba akanicheka. Nikagombana na Mjomba kwa ajili yako!" Sasa alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, wala hajali. "Mama alisema wewe mwoga. Mama alikosea. Mwoga ana huruma. Wewe una nini?"

Palikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa kinywani mwa Masril mpaka meno yakamuuma. Angesema sentensi moja tu, moja, na uso ule ungebadilika. Akayameza.

"Watu wa nyumba hii hamjui heshima," akasema.

"Toka," akasema Delfi. "Na ukifika stendi, safari hii panda hilo basi. Usirudi. Nikifa usije. Nikizaa usije."

Alitoka na begi lake. Koti la kuazima alilivua akaliacha ukumbini, lilikuwa limepigwa pasi. Wanawake walewale waliomtania juu ya nazi walisimama uani, na mmoja akatema mate karibu na miguu yake. Alipofika njiani alisikia Mjomba Yurnalis anasema kwa sauti, ili na yeye asikie: "Si nilisema? Si niliwaambia?"

Alipanda basi. Lilikuwa na nafasi tele.

Wiki iliyofuata, mchana wa Jumapili, simu ya mkahawani ililia, na mwenye mkahawa akamwita. Ilikuwa sauti kavu, isiyopoteza maneno. "Msalimie rafiki yako," kadhi akasema. "Mwambie nikah imesihi." Akakata. Masril alirudi kubeba sahani, maana meza zilikuwa zimejaa.

Mwaka ukapita na kidogo. Wakaingia wafanyabiashara wawili wa kahawa, lafudhi yao ya kwao kabisa, ya Batusangkar. Masril aliwajia na mkono wake wa kushoto, akawapangia sahani zote bila kusema. Walikuwa katika mazungumzo.

"Afdal yule wa mbegu, unamjua? Mkewe amejifungua. Dume, lina afya hilo!"

"Si ndiye yule ambaye mkwewe..."

"Ndiye! Hujaisikia vizuri?" Akamgeukia Masril, maana hadithi tamu inataka wasikilizaji. "Mzee, wewe si wa huko kwetu? Basi sikia kichekesho. Jitu limetelekeza mtoto miaka ishirini, mke akafa halikuja. Linaitwa limwoze binti, linakuja, linapikiwa, linapigiwa pasi. Siku ya wazee linakataa kuoza. Unajua kwa nini? Tambuu ilimfikia mwisho! Tambuu!"

Mwenzake alicheka mpaka akapaliwa na pilipili. Masril akamsogezea maji.

"Na mtoto wanamwambiaje juu ya babu huyo?" akauliza.

"Babu gani? Binti amesema mtoto aambiwe babu yake alifia Dumai kabla hajazaliwa. Na ni sawa. Wewe, mzee mwenzangu, ungefanyaje? Tambuu imekupita, lakini binti yako yuko pale anakutazama."

Masril alikuwa anakusanya sahani ambazo hawakuzigusa, anazipanga moja juu ya nyingine kuelekea begani.

"Ningemwoza," akasema.

"Bila shaka! Baba gani asiyemwoza mwanawe?"

"Ningemwoza," Masril akasema tena, na akazirudisha sahani jikoni.